Kauboi Mwenye Gitaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Filamu za Makauboi Waimbaji

Kila ninapozitaja filamu hizi mbele ya watu, maswali huwa ni yale yale. Mbona anaimba katikati ya hatari? Mbona zote zinafanana? Mbona bado unaziangalia? Nimeyakusanya hapa. Penye utamu nimekaa, pasipo na mengi nimepita. Filamu zenyewe ni za Marekani, nyingi zilitengenezwa kati ya 1935 na 1954, zilizo nyingi za rangi nyeusi na nyeupe, za saa moja hivi, na zilitengenezwa kwa fedha kidogo sana. Mimi ninazipenda kwa moyo wote, na majibu haya yameandikwa na mtu anayezipenda.

Makauboi waimbaji ni akina nani hasa?

Ni mastelingi wa filamu za Magharibi ya Marekani ambao wanapanda farasi, wanapigana ngumi, wanawakamata wezi wa ng'ombe, na kati ya hayo yote wanashika gitaa na kuimba. Hawaimbi wimbo mmoja wa pambo. Mara nyingi ni nyimbo tano au sita ndani ya dakika sitini.

Wakubwa wao wawili ni Gene Autry, mzaliwa wa Texas, na Roy Rogers, mzaliwa wa jiji la Cincinnati, Ohio, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Leonard Slye. Yupo pia Tex Ritter, aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Texas kabla ya kuingia katika tamthilia za jukwaani New York, halafu sinema. Wapo tena Dick Foran, Fred Scott, Jimmy Wakely, Eddie Dean, Monte Hale, na aliyefunga mlango, Rex Allen wa mji wa Willcox, Arizona.

Shika jambo moja hapa, maana litatufaa mbele: Autry, karibu katika filamu zake zote, anaitwa Gene Autry. Rogers, katika nyingi alizokuwa stelingi, anaitwa Roy Rogers. Mara nyingi hawakuigiza mtu mwingine. Mtazamaji alikuwa akimfuata mtu aliyekwisha kumjua.

Nani alianza?

Ken Maynard aliimba katika filamu ya kauboi mwaka 1929, sauti ilipokuwa bado ngeni katika sinema. Mwaka 1933 John Wayne kijana aliwekwa kuwa kauboi mwimbaji katika *Riders of Destiny*, lakini sauti ya kuimba haikuwa yake, ilibandikwa. Ukiitazama leo utaona midomo inakwenda huku na sauti inatoka kwingine. Haikuwafaa watu.

Aliyelifanya jambo lisimame ni Autry. Mwaka 1934, Nat Levine wa kampuni ndogo ya Mascot alimwingiza kwa dakika chache katika filamu ya Ken Maynard iitwayo *In Old Santa Fe*. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa ameduwaa mbele ya kamera kama mgeni asiyejua akae wapi. Kisha akaanza kuimba, na uduwavu wote ukayeyuka. Mwaka uliofuata alikuwa stelingi mwenyewe.

Lakini kwa nini kauboi aimbe? Mchunga ng'ombe na nyimbo wapi na wapi?

Jibu la kibiashara ni redio. Autry alikuwa mwendesha telegrafu wa kampuni ya reli huko Oklahoma, mtu wa zamu za usiku na gitaa kando. Kutoka hapo akaingia redio ya Tulsa, akarekodi santuri, na mwaka 1931 wimbo wake aliouimba na Jimmy Long kuhusu baba mwenye mvi ukauzwa kwa wingi. Akahamia kituo cha WLS cha Chicago, ambacho sauti yake ilifika mbali mashambani usiku wa Jumamosi. Hivyo kabla hajaonekana kwenye pazia la sinema, wakulima wa majimbo mengi walikuwa wamekwisha kumkaribisha sebuleni. Waliponunua tiketi hawakwenda kumwona mgeni. Walikwenda kuona uso wa sauti waliyoizoea.

Pia mwaka huo wa 1934 studio za Hollywood zilibanwa rasmi kufuata kanuni za maadili. Filamu safi, isiyo na damu nyingi wala mambo ya chumbani, ikawa na soko tayari, na kauboi anayeimba hawezi kumwaibisha mzazi aliyekuja na watoto.

Jibu la pili linatoka kwenye malisho yenyewe. Makauboi wa kweli wa karne ya 19 waliimba kweli. Usiku, kundi la ng'ombe likiwa limelala uwandani, wapanda farasi walilizunguka polepole wakiimba kwa sauti ya chini, ili wanyama wasishtuliwe na kwato au kijiti kilichovunjika na kukurupuka wote kwa pamoja. Nyimbo hizo zilikusanywa na John Lomax na kuchapishwa mwaka 1910. Filamu hazikuzichukua kama zilivyo. Nyingi za nyimbo tunazozisikia zilitungwa mjini, na watunzi wa mjini. Bob Nolan, mtunzi bora kuliko wote kwa maoni yangu, alizaliwa Kanada. Aliandika juu ya maji baridi kana kwamba kiu ni mtu unayeweza kuzungumza naye.

Sawa, lakini wimbo unakatiza hadithi. Majambazi wanakimbia, yeye anapiga gitaa!

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalonifanya niandike ukurasa huu.

Kumbuka ngano ulizosimuliwa utotoni. Bibi anasema "Paukwa!", nanyi mnaitikia "Pakawa!" Hadithi inakwenda, inafika penye hatari: zimwi liko mlangoni, mtoto yuko juu ya mti, ndugu hawajui alipo. Hapo hapo bibi anaanza kuimba. Mtoto aliye juu ya mti anaimba, na sisi tuliokaa mkekani tunaimba naye. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi kwamba anakatiza hadithi. Wimbo ulikuwa ndio mahali ambapo hadithi ilitufungulia mlango tukaingia.

Filamu za kauboi mwimbaji zimejengwa hivyo hivyo. Zitazame ukiwa na sikio hilo na mambo mengi yatakaa sawa. Wimbo wa kwanza, mara nyingi juu ya farasi, unatuambia kwamba tuko nyumbani. Wimbo wa jioni, kando ya moto, unatuonyesha jinsi watu hawa wanavyokaa pamoja: mmoja anaanza, wengine wanashika sauti ya pili na ya tatu, mpishi anaacha sufuria. Wimbo wa faragha chini ya dirisha la msichana unasema yale ambayo stelingi, kwa haya yake, hawezi kuyasema kwa maneno ya kawaida. Na wimbo wa mwisho unaturudisha tulipoanzia.

Kisha tazama kinachotokea kwa mikono. Mikono iliyoshika bastola ndiyo inayoshika gitaa. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa akitazama aliona mwanaume shujaa, mwenye nguvu, anayeogopwa na wabaya, akiwa mpole mbele ya watu bila kuona aibu. Katika filamu nyingi nyingine za wakati ule, upole wa mwanaume ulikuwa udhaifu wa kuponywa. Hapa ulikuwa nusu ya ushujaa wenyewe. Mimi sijaona filamu za bei ndogo zenye zawadi kubwa kuliko hiyo.

"Bajeti ndogo" maana yake nini hasa?

Maana yake ni hesabu kali. Wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha filamu mbili kwa tiketi moja ili kuwavuta watu wasio na fedha. Filamu kubwa ilikodishwa kwa asilimia ya mapato ya mlangoni. Ile ya pili, ya daraja B, ilikodishwa kwa bei maalumu, ijae ukumbi au usijae. Kwa hiyo mtengenezaji alijua mapema atapata kiasi gani, na akajua pia kwamba kila dola anayoizidisha kwenye gharama haitarudi.

Kutoka kwenye hesabu hiyo ndipo sura ya filamu hizi inatoka. Upigaji picha ulimalizwa kwa wiki moja au mbili. Usiku ulipigwa mchana kwa kutia giza kwenye lenzi, ndiyo maana utaona vivuli vikali chini ya farasi "usiku wa manane". Mkimbizano uliopigwa kwa filamu moja ulitumika tena katika nyingine, na mtazamaji makini atauona ule mteremko mmoja mara nne. Nyumba ya mwenye ranchi mwaka huu ni kituo cha polisi mwakani. Mandhari yalikuwa karibu na Los Angeles: miamba ya Iverson kule Chatsworth, na fedha ikiruhusu safari ndefu kidogo, vilima vya Alabama karibu na Lone Pine, chini ya theluji ya milima ya Sierra Nevada.

Kampuni iliyoifanya kazi hii vizuri kuliko zote ni Republic, iliyoundwa mwaka 1935 na Herbert Yates kwa kuunganisha kampuni ndogo kadhaa, Mascot ikiwemo. Republic ilikuwa na waigizaji wa matukio ya hatari, akiwemo Yakima Canutt, bingwa wa kurukia farasi na kupita chini ya magari ya kukokotwa. Ilikuwa na wapiga picha waliojua kuiendesha kamera juu ya gari sambamba na farasi anayekwenda kasi, mchanga ukiruka, na picha isitikisike. Ukiwa na shaka kwamba fedha kidogo inaweza kutoa kazi safi, tazama mkimbizano wowote wa Republic kisha tazama wa kampuni maskini zaidi kama PRC. Tofauti utaiona bila kuambiwa.

Wimbo nao ulikuwa na faida yake katika hesabu. Dakika tatu za mtu mmoja, gitaa moja na kamera iliyotulia ni dakika tatu za bei nafuu kuliko mapigano ya watu ishirini. Uhaba ulizaa utulivu, na utulivu huo ndio sehemu tunayoikumbuka.

Gene Autry au Roy Rogers?

Watu wanataka nichague upande, kama Simba na Yanga. Nitachagua, lakini kwanza hoja.

Katika kura ya wenye majumba ya sinema iliyochapishwa na jarida la *Motion Picture Herald*, Autry alikuwa wa kwanza kati ya mastaa wa filamu za kauboi kuanzia 1937 hadi 1942, na Rogers kuanzia 1943 hadi 1954. Mwaka 1940 Autry aliingia nafasi ya nne kati ya mastaa wote wa Hollywood, na hiyo ni kwa filamu ambazo wahakiki wa miji mikubwa mara nyingi hawakuzijali.

Mapito yao yameshikana. Mapema 1938 Autry aligoma. Alidai malipo bora, na alikasirika kwamba Republic iliwalazimisha wenye sinema wanaotaka filamu zake wanunue pia filamu nyingine za kampuni hiyo. Filamu iliyokuwa ikiandaliwa kwa ajili yake akapewa kijana aliyekuwa akilipwa dola 75 kwa wiki, akabadilishwa jina kuwa Roy Rogers, na filamu hiyo, *Under Western Stars*, ikamfanya staa. Autry alirudi baadaye mwaka huo huo. Mwaka 1942 akajiunga na jeshi la anga na kurusha ndege za mizigo upande wa Burma na China, na wakati yuko vitani Republic ikamtangaza Rogers kuwa mfalme wa makauboi.

Rogers ni bora kwa farasi, ni bora kwa ngumi, na sauti yake katika yodeli, ule mwimbo wa kuruka ghafla kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya juu, ni safi kuliko ya mwenzake. Alianza na kundi la Sons of the Pioneers, pamoja na Bob Nolan na Tim Spencer, na ukisikiliza sauti zao tatu zinavyofungana utaelewa kwa nini kundi hilo lilidumu miaka mingi baada yake.

Na bado mimi ni wa Autry. Anaimba kama mtu anayekueleza jambo barazani. Hajitutumui. Uigizaji wake haukuwa mkubwa, na alilijua hilo, lakini hakuna kauboi mwingine aliyenifanya nihisi kwamba ameniona nilipokaa.

Mbona kuna magari, ndege na redio pamoja na bastola na farasi?

Kwa sababu filamu nyingi za Autry na Rogers hazikuwekwa zamani. Ziliwekwa katika Marekani ya wakati ule ule, au katika nchi ya kufikirika ambamo nyakati mbili zimekaa chumba kimoja. Adui si mwizi wa benki tu. Mara nyingi ni mwenye benki. Ni kampuni inayofunga maji ya bonde, mwanasiasa aliyenunuliwa, tajiri wa mjini anayetaka mashamba ya watu kwa bei ya kutupa. Watazamaji wa 1936 waliokuwa wamepoteza shamba kwa deni hawakuhitaji kufafanuliwa.

Mfano wa ajabu kuliko yote ni *The Phantom Empire* ya 1935, filamu ya sehemu 12 iliyotolewa sehemu moja moja kila wiki. Autry ana kipindi cha redio kwenye ranchi yake. Asipofika kwenye maikrofoni saa nane mchana kila siku, anapoteza mkataba na ranchi. Lakini chini ya ranchi hiyo kuna ufalme wa siri, Murania, wenye malkia na roboti za bati, na wabaya wa juu na wa chini wote wanataka asifike. Ni hadithi ya kitoto kabisa. Hata hivyo, fikiria: ulimwengu mzima unatikisika, na jambo la muhimu ni mtu afike kwa wakati kuwaimbia wanaomsubiri.

Farasi je?

Farasi waliandikwa kwenye mabango. Autry alikuwa na Champion, Rogers na Trigger, Ritter na White Flash, Rex Allen na Koko. Trigger, farasi wa rangi ya dhahabu mwenye manyoya meupe ya shingo, alikuwa amekwisha kuonekana mwaka 1938 akiwa amepandwa na Olivia de Havilland katika filamu ya Robin Hood. Alikufa 1965, na Rogers akaagiza ngozi yake ivishwe umbo ili abaki kuonekana kwenye makumbusho. Mwaka 2010 umbo hilo liliuzwa kwa mnada New York kwa dola 266,500.

Wanawake walikuwa na nafasi gani?

Ndogo kuliko walivyostahili. Mara nyingi ni binti wa mwenye ranchi, au mwandishi wa gazeti kutoka mjini anayemdharau stelingi mpaka wimbo wa tatu. Dorothy Page alipewa filamu tatu akiwa kauboi mwimbaji mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha kampuni ikaacha.

Dale Evans ndiye aliyeivunja kuta. Alikuwa mwimbaji wa redio na bendi kabla ya sinema, na tangu 1944 alipoanza kuigiza na Rogers alikuwa na ulimi mkali na akili kuliko yaliyoandikwa kwa wanawake wengi wa filamu hizi. Walioana tarehe 31 Desemba 1947. Wimbo wao maarufu wa kuagana, ambao Wamarekani wengi wazee wanaweza kuuimba hadi leo, aliutunga yeye.

Na watu weusi? Filamu hizi zinaonyesha makauboi weupe watupu.

Zinaonyesha hivyo, na zinapotosha. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban mmoja kati ya kila wachunga ng'ombe wanne wa Magharibi alikuwa mweusi, na kazi yenyewe, kamba, tandiko, hata maneno ya kazi, ilirithiwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa wachungaji wa Meksiko. Ukitazama filamu za Republic pekee hutalijua hilo. Watu weusi wanaoonekana humo ni wachache, na mara nyingi wamepewa nafasi za kuchekwa. Wenyeji wa asili wa Marekani nao mara nyingi ni vumbi na makelele kwenye upeo wa macho. Autry baadaye alijaribu njia nyingine: *The Cowboy and the Indians* ya 1949 inaonyesha Wanavaho wanaoibiwa na kufa njaa, na katika kanuni kumi za kauboi zilizotangazwa kwa jina lake imo inayokataza ubaguzi wa rangi na dini. Ni kitu, lakini hakifuti yaliyotangulia.

Sasa nikueleze habari za Herb Jeffries. Alikuwa mwimbaji wa jazi, na alipokuwa akizunguka Kusini mwa Marekani aliona watoto weusi wakijaa kwenye kumbi za sinema zilizotengwa kwa rangi, wote wakishangilia makauboi weupe. Akatafuta mtu wa kutoa fedha. Kati ya 1937 na 1939 zikatoka filamu nne ambazo waigizaji wake wote ni weusi, *Harlem on the Prairie* ikiwa ya kwanza na *The Bronze Buckaroo* ndiyo inayotajwa zaidi. Zilipigwa kwenye ranchi ya mtu mweusi, N. B. Murray, karibu na Victorville, California, mahali ambapo wageni weusi wangeweza kupumzika bila kufukuzwa mlangoni. Fedha ilikuwa kidogo hata kwa kipimo cha filamu hizi: picha zina mikwaruzo, mapigano yanalegea, sauti inapanda na kushuka. Jeffries anakaa juu ya farasi wake, mrefu, kofia nyeupe, suruali ya kubana, na anapofungua mdomo ile sauti nzito yenye asali inayashinda yote. Baadaye aliimba na bendi ya Duke Ellington. Aliishi hadi 2014. Kama una saa moja tu ya kuzipa filamu hizi, mpe yeye.

Je, zina uhusiano wowote na kwetu?

Upo, na si wa kulazimisha. Kabla hajapata sauti yake, Autry alijifunza kwa kumwiga Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi aliyeimba yodeli na kufariki 1933. Santuri za Rodgers zilifika Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet, upande wa Kericho, wasichana wa Kipsigis wakimwimbia kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala, wakimwalika acheze mpaka nguo zimdondoke. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, jina lake lilivyosikika kwao. Kwa hiyo sauti iliyomzaa kauboi mwimbaji wa Hollywood ilikuwa pia na mtoto wa pili, aliyezaliwa kando ya mashamba ya chai.

Leopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walitazama filamu za kauboi za kila aina wakajiita Bills, kutokana na Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi na kuunda lugha yao ya mtaani. Na muziki wa kantri una wapenzi wake wa kudumu Kenya, kuanzia waliokua na Jim Reeves redioni hadi wanaomfuata Sir Elvis leo.

Kwa nini ziliisha?

Televisheni. Mtoto aliyekuwa akisubiri Jumamosi mchana alianza kuwaona makauboi wale wale nyumbani, bure. Autry alikuwa mwepesi kuliko wenzake, akaanza kipindi chake mwenyewe 1950; Rogers akafuata 1951. Gharama za kutengeneza zilikuwa zimepanda baada ya vita huku bei ya kukodisha ikibaki chini. Filamu ya mwisho ya Autry ya aina hii ilitoka 1953, na ya Rex Allen 1954.

Nianze na ipi, na nitazame vipi?

Kwanza angalia urefu. Filamu nyingi za Autry na Rogers zilikatwa kufikia dakika 53 au 54 ili ziingie kwenye vipindi vya saa moja vya televisheni, na mara nyingi kilichokatwa ni nyimbo. Niliwahi kununua diski ya filamu niipendayo, nikakuta wimbo wenyewe ulionifanya niinunue haumo. Autry alihifadhi nakala za filamu zake na zikakarabatiwa, hivyo tafuta zilizotoka huko. Za kampuni ndogo zilizokwisha haki miliki zinapatikana bure kwenye intaneti, ila nakala nyingi ni chafu.

Kwa Autry anza na *Tumbling Tumbleweeds* ya 1935. Kwa Herb Jeffries, *The Bronze Buckaroo*. Ukitaka mwendo wa kasi na hadithi ya farasi itakayokutoa machozi, *The Golden Stallion* ya 1949, ya Rogers, iliyoongozwa na William Witney. Usitazame mbili mfululizo. Hazikutengenezwa hivyo, zilitengenezwa kwa Jumamosi moja moja.

Na ukipata *Under Western Stars*, subiri sehemu ambayo Roy, aliyechaguliwa kuwa mbunge ili wafugaji wa kwao wapate maji, yuko Washington mbele ya wakubwa waliovaa suti. Hatoi hotuba. Anawaonyesha picha za ukame: mashamba yaliyofukiwa na mchanga, mifugo iliyokonda, familia zinazohama. Juu ya picha hizo anaimba wimbo wa Johnny Marvin kuhusu vumbi, polepole, bila kuipandisha sauti. Ukumbini, mwaka 1938, kulikuwa na watu ambao vumbi hilo hilo lilikuwa bado liko kwenye viatu vyao.